Aliyoyasema Wambui Mahakamani

Phillips, Minneapolis
Jumapili, baada ya misa

Mpendwa dada yangu Generosa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto wote hapo Muleba, na kwamba mguu wa mama umepungua kuvimba. Sisi huku tunavuta pumzi. Baridi imeanza, Fiona wangu ameshatoa koti lake kubwa kabatini. Nimeona nikuandikie kwa mkono kwa sababu simu ya hapo nyumbani husikilizwa na ukoo mzima, na haya ni ya kwako peke yako. Dada, nimekuwa nikitaka kumwacha mume wangu. Usipige yowe, soma kwanza.

Unajua Mark aligongwa mwaka juzi. Alikuwa na baiskeli yake anawahi treni ya kwenda kazini, kule hotelini Bloomington, mwenye gari akakata kona bila kuangalia akamzoa. Bega likavunjika. Bima ya yule dereva ikataka kumpoza kwa fidia ndogo ya kumwonea, Mark akakataa, wakili wake akafungua kesi. Mwezi uliopita ikasikilizwa mbele ya watu sita waliochaguliwa tu kutoka mitaani, na hao ndio wanaoamua. Kwetu tungewaita wazee wa baraza, ila hapa mmoja alikuwa binti mwenye nywele za kijani.

Nani kamgonga nani halikuwa na ubishi, dereva alikubali kosa. Ubishi ulikuwa kama Mark bado anaumia. Wakili wa upande wa pili alisema mtu huyu amepona, anakwenda kazini, anacheka na watu. Basi wakili wetu akaniita mimi kwanza, mke wake, nieleze hali yake nyumbani ikoje.

Nikainua mkono, nikaapa. Dada, wewe na mimi tumelelewa na mama mmoja. Utasimama mbele ya wageni useme mumeo hawezi kuvaa shati mwenyewe? Nikasema Mark ni mzima, namshukuru Mungu, hana tatizo lolote, anafanya kila kitu ambacho mwanaume anafanya nyumbani kwake. Nilisema kwa sauti, kifua mbele. Wakili wetu akanitazama kama niliyemmwagia chai ya moto. Yule wa upande wa pili alisema hana swali, akanishukuru sana.

Ndipo akaitwa Wambui. Huyu ni Mkenya, anafanya kazi na Mark kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na sijawahi kumpenda. Akicheka, jengo zima linajua amefika, naye humwita mume wangu Maki, sijui nani alimpa ruhusa. Siku hiyo alikuja na rangi ya mdomo na kilemba kipya, utadhani anakwenda kuposwa. Akaketi akawaeleza wale watu sita kwamba Mark hawezi kuinua mkono kupita sikio, kwamba mashuka yaliyolowa ni yeye anayemtolea mashineni, kwamba wakati wa mapumziko humfunga kamba za viatu, na kwamba zaidi ya mara moja alimkuta stoo, nyuma ya mataulo, analia, akakaa naye mpaka akanyamaza.

Akakaa naye! Jamani, masikio yaliniwaka moto. Nikamgeukia Mark, machozi yanamtoka mbele za watu na wala haoni haya. Binti wa nywele za kijani naye anajipangusa. Mchana wale watu sita walirudi na uamuzi: wakampa fidia ya maumivu yaliyopita na ya yale yatakayokuja. Kiasi sikiandiki, najua bahasha zangu hufunguliwa na nani huko. Wakili akampa mkono Wambui kabla yangu. Mark akamkumbatia kwa ule mkono mzima.

Tangu hapo sina raha. Nikipika, najiuliza kama Wambui anapika hivi. Simu ya Mark ikilia, shingo yangu imeshanyanyuka. Nilimwambia ahamie huko stoo akaishi na mfunga viatu wake. Fiona akaniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba namwonea baba. Nikamfukuza jikoni.

Sasa dada, hili sijalisema hata kwenye kitubio. Nilikuwa najua. Yote. Kila asubuhi Mark huingia bafuni, hufungulia maji kwa nguvu, na katikati ya kelele za maji namsikia anavyougulia akivaa. Mimi husimama koridoni na kikombe chake, nasubiri amalize, halafu nakohoa ili ajue nakuja. Akitoka namuuliza ameamkaje, ananijibu salama, tunakunywa chai. Niliona ndiyo heshima, kumsitiri. Kwa hiyo mahakamani sikuteleza ulimi. Nilidanganya makusudi, nimeapa, na nusura nimpotezee haki yake.

Leo tuliporudi kutoka kanisani, nikiwa jikoni napika, nikamwambia kwamba nilikuwa namsikia. Nilidhani atashtuka. Alisema anajua, na yeye alikuwa anakisikia kikohozi changu. Nikamuuliza basi Wambui alimpa nini mpaka akamfungulia moyo. Akasema hakumpa kitu. Siku aliyorudi kazini, Wambui alimuuliza kama anaumia, na yeye akajikuta amejibu. Basi.

Afadhali angeniambia ni uzuri wake. Uzuri ningejua la kuufanya.

Nikaweka sufuria chini, nikamuuliza na mimi kama anaumia. Ndiyo mara ya kwanza, mke wa miaka yote hii! Akaanza kunieleza habari za bega, na vidole vinavyokufa ganzi, na woga wake kila gari likikata kona. Hajamaliza. Amesinzia kitini, ndiyo nimepata nafasi ya kukuandikia. Habari ya kumwacha iache kwanza. Lakini wivu sijapona, tena umezidi. Jana nilidhani Wambui ameniibia mume. Leo najua aliuliza tu swali lililokuwa langu, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni.

Nisalimie shemeji na wanao mmoja mmoja, na mama umwambie namkumbuka kila nikisali. Mwombeeni Mark bega lake, na mimi mniombee ulimi. Barua hii ukimaliza kuisoma, ichome.

Mdogo wako akupendaye,
Dativa