Yai Moja, Nyanya Moja

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Na mume wako hajambo? Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo linanikumbusha umri wangu kila nikipanda ngazi.

Nina habari. Kikundi chetu cha akina mama kinatengeneza kitabu cha mapishi. Tutakiuza tununue magodoro ya wodi ya wazazi pale zahanati, maana yaliyopo yamebaki ganda tu. Kila nyumba inatoa pishi moja, na mimi ndiye mkusanyaji. Jirani yetu Bi Kelele ameleta supu ya maboga ya watu wanane. Ameandika: “Kaanga vitunguu mpaka jirani aulize unapika nini.” Kinyozi wa kona naye kaleta mayai: “Yachemke kwa muda wa kunyoa mtoto asiyelia.” Nilicheka mpaka miwani ikadondoka.

Sasa nataka pishi lako. Kuolewa mbali hakujakufuta hapa.

Mama yako


19 Machi

Mama, shikamoo.

Sisi wazima, pole na goti. Nimecheka na kinyozi. Lakini Mama, siku hizi nani anahangaika na kitabu? Simu ina mapishi ya dunia nzima, tena unaonyeshwa na picha. Mimi niacheni tu, kazi zimenibana.

Mwanao


27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti bado lina kiburi, ila tunaelewana.

Simu yako inajua kupika, sikatai. Lakini haimjui Bi Kelele. Kile kitabu tulichotoa ulipokuwa darasa la kwanza bado kiko jikoni kwangu, kimelowa mafuta kila ukurasa. Juzi mke wa seremala alikuja kukiazima. Nikadhani anataka kupika, kumbe alitaka kusoma alichoandika marehemu mama yake: “Usionje sana, wageni watakula nini?” Alisoma amesimama pale kwenye sinki, akacheka, akafuta machozi, akanirudishia. Hakukitoa hata nje ya mlango.

Nipe pishi. Mistari mitatu inatosha.

Mama yako


30 Mei

Mama, shikamoo.

Najua kimya changu kimekutia wasiwasi. Mwili wangu mzima. Mume wangu ameondoka, Mama. Ni tangu mwezi wa kwanza. Hatukugombana; alisema amechoka, akakunja nguo zake vizuri kama anasafiri kikazi. Nilishindwa kukuambia, hata ile mwezi wa tatu nilipokuandikia kwamba sisi wazima.

Pishi langu ndilo hili. Yai moja, nyanya moja, kipande cha mkate. Kaanga kwenye kikaango kidogo. Kula ukiwa umesimama, hapohapo jikoni, hata sahani hutachafua.

Liweke ukitaka. Mwenyekiti wenu atalitupa tu.

Mwanao


14 Juni

Mwanangu, roho yangu,

Nilisoma barua yako nikakaa chini, chai ikapoa. Sitakuuliza kitu. Ukitaka kusema, sema. Ukitaka nije, nitakuja na goti langu hivihivi.

Pishi lako nililipeleka kwenye kikao, sikutaja limetoka kwa nani. Mwenyekiti alilisoma kwa sauti, akalisukuma pembeni. “Hiki ni kitabu cha familia,” akasema. “Nani humu anapikia mtu mmoja?”

Mkunga, aliyezalisha nusu ya mtaa huu, akasema, “Mimi.”

Bi Kelele akafuata, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. “Hata mimi. Hiyo supu ya watu wanane nimeiandika kwa kukumbuka tu. Watoto wameshatawanyika.”

Nikanyoosha mkono na mimi. Mwenyekiti akashika tama, akatutazama mmoja mmoja, halafu akaivuta ile karatasi akaiweka juu ya nyingine.

Nimebadilisha neno moja tu. Palipoandikwa “ukiwa umesimama” nimeandika “ukiwa umekaa.” Usinibishie, mimi ndiye mkusanyaji.

Mama yako


8 Septemba

Mama, shikamoo. Nakuombea nafuu ya goti.

Kitabu kimefika, na maneno uliyoandika ndani ya jalada nimeyaona. Nimefurahi kusikia magodoro yameshaingia wodini, na kwamba mkunga alijilaza kwenye moja kulijaribu akapitiwa na usingizi.

Nimekisoma chote kama hadithi, kitandani, nikisikia sauti ya kila mmoja wenu. Jumamosi nikaamka nikaenda sokoni, nikanunua boga zima. Nilitaka kupika supu ya Bi Kelele jinsi alivyoiandika, bila kupunguza kitu. Sufuria ya kuitosha sikuwa nayo. Nikagonga mlango wa ng'ambo, kwa muuguzi mmoja ambaye miaka yote tunaishia salamu za kwenye ngazi.

Akanipa sufuria, akachungulia nyuma yangu. “Una wageni?”

“Bado,” nikamwambia. “Wewe umekula?”

Mama, alifunga mlango wake palepale, akanifuata na kandambili miguuni.

Mwanao