Kumbaro Kainoa Seva, Sasa Picha Zinapotea

Mshauri wangu, nisaidie kabla kichwa hakijapasuka. Mimi na mume wangu tuna studio ya picha za harusi hapa Volos, Ugiriki, na picha zote zinakaa kwenye seva moja stoo, yaani kompyuta ya kuhifadhia, yenye mfumo wa uendeshaji wa jamii ya Unix, ilikuwa inajikokota mpaka Argyris, kumbaro wetu aliyetuvisha mataji kanisani na kumsimamia mwanetu ubatizo, akasema, "Shemeji, niachie mimi," akabadilisha mipangilio kibao kwa mpigo, mingine kaiokota mtandaoni, na kweli sasa inaruka, lakini juzi umeme ulikatika, na picha za ubatizo wa watu, ambazo skrini ilisema zimeingia na sisi tukafuta kadi za kamera, tukazikuta nusu, nyingine tupu kabisa, nilipomwambia akacheka, "Kwani mimi ndiye ninayekata umeme?" na mume wangu ananinong'oneza, "Mkosee kasisi, usimkosee kumbaro," na Jumamosi tunapiga harusi ya binti wa Argyris mwenyewe, zikipotea undugu umekwisha, nikirudisha mipangilio ya zamani bila yeye undugu umekwisha vilevile, sasa kosa ni la umeme, la diski, langu au lake? Sielewi chochote.

Evanthia, Volos

Evanthia, pole. Lakini mtu mzima unaogopa kusema ndani ya stoo yako mwenyewe? Umeme kukatika ni kawaida yake. Nadhani Argyris ameiruhusu seva iseme "nimeshaandika" wakati picha bado ziko kwenye kumbukumbu ya muda, inayofutika umeme ukikatika, hazijafika kwenye diski. Ni mpishi anayeitikia "tayari!" sufuria ikiwa bado mekoni. Nanyi mnaokimbilia kufuta kadi, msijitoe! Kadi isifutwe mpaka picha ziwe mahali pawili.

Usirudishe kitu kwa siri. Kwanza hamishia nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje, na ununue betri ya akiba. Kisha mwite Argyris, mwekee tsipuro, ile pombe kali ya zabibu, na pweza wa kuchoma. Mwambie anakili kwenye seva picha za uchumba wa binti yake, nakala tu jamani, si zenyewe! Skrini ikisema zimeingia, papo hapo achomoe waya wa seva kwa mkono wake. Halafu washeni.

Zikiwemo zote, mwombe radhi, na mimi nitakuomba wewe. Zikiwa nusu, mwambie arudishe mipangilio yote ya zamani, kisha abadilishe mmoja mmoja, apime kila mmoja kabla ya kugusa mwingine. Ila nadhani hutahitaji kusema. Mjazie gilasi, msogezee kibodi. Baba wa bibi harusi haambiwi mara mbili.