Zuhura Wawili, Simu Moja

Somo yangu Zuhura,

Salamu nimeziacha, maana sijui huko uliko zinaitikiwaje. Ni mimi, Zuhura mwenzako, wa nyumba inayoelekeana na yako hapa Quitunda walikotuhamishia. Huu mwezi wa nne tangu homa ikuchukue kwa siku tatu tu, na tangu hapo hakuna mtu anayeniita somo. Wananiita Zuhura, kavukavu, kama naitwa ofisini.

Kaka yako alipokuja kuwachukua wanao kwenda nao Mtwara, simu yako aliniachia mimi. Akasema, "Kaa nayo, mlikuwa mnasoma wote." Nimekaa nayo kweli, ila ile programu yetu ya Kireno sikuifungua. Naogopa maneno, somo. Unakumbuka la kwanza lilivyotushtua? Ulielekeza kamera kitandani kwako, neno likaelea juu ya godoro: *cama*. Ukalisoma kwa Kiswahili chetu, ukaiuliza simu, "Kama nini? Maliza basi!" Tukacheka mpaka ukashika mbavu. Ilipoandika *mesa* juu ya meza na *fronha* juu ya foronya, ukasema Wareno hawana lugha, wamekuja kuazima kwetu. Nikakwambia huenda walioazima ni sisi. Ukaninunia mpaka alasiri.

Lakini la mbuzi, mwenzangu, hilo hukunitendea haki.

Tulikuwa tunajiandaa kwa kazi ya jikoni kule kambini kwa kampuni ya gesi, wanakotaka mtu anayejua Kireno japo cha kuombea chumvi. Ukaielekeza simu kwenye mbuzi ya kukunia nazi, ikaandika *banco*. Ukawaka! "Banco si kigoda? Simu hii haijawahi kula wali wa nazi!" Mara ukamwona mbuzi wa jirani, yule wa miguu minne, ukamkimbiza na simu mkononi, kanga inaburuzika chini, mpaka neno likakaa mgongoni kwake: *cabrito*. Ukarudi unahema, ukasema shauri limekwisha, mbuzi ni cabrito. Nami nikalishika hivyohivyo. Mwalimu wangu ulikuwa wewe.

Jumanne nikaenda kwenye maswali ya kazi peke yangu. Tulipanga twende wawili, wewe ujibu kwanza kwa sababu huna haya. Pale pako kwenye benchi nikaweka mkoba. Bwana mmoja na mama mmoja wakaniuliza kwa Kireno napikaje mchuzi wa samaki. Nikajikaza, nikasema, *Sento no cabrito, ralo coco.* Nakaa juu ya mbuzi, nakuna nazi. Yule bwana akatoa macho, akauliza, *"Vivo?"* Neno hilo sikulijua, nikadhani anauliza kama kifaa changu ni kikali. Nikajibu *sim, sim*, ndiyo, ndiyo, tena ina meno mazuri. Kumbe ameniuliza kama mbuzi yu hai! Loo! Yule mama aliinamia meza kwa kicheko, machozi yakimtoka. Ni mtu wa pwani, akamweleza mwenzake mbuzi yetu ni ipi. Nikaambiwa nimepita.

Nikatoka nacheka peke yangu njiani kama mwehu. Mlango wangu nikaupita, nikaja moja kwa moja kwako, nikagonga kwa ngumi. "Somo weee! Leo umeniua!"

Akafungua Mama Ernesto. Ni mama wa Kimakonde kutoka Nhica, kaka yako amemwachia nyumba akae. Alisimama na mwiko mkononi, ananisubiri niseme. Sikumsalimia. Niligeuka, nikaenda kwangu kulia. Tangu ahamie sijampa hata hujambo, mimi niliyechapwa utotoni kwa kusahau shikamoo. Nilikuwa naona kama amekalia mahali pako, ilhali yeye hajakosa kitu.

Jana wakaniita nijaze ficha, ile karatasi ya kuingia kazini. Jina, umri, kijiji cha zamani tulikohamishwa, yote nikaandika. Mwisho wakataka mtu wa kuitwa nikiungua au nikianguka kazini. Mume sina, mtoto sina, ndugu zangu vita vimewatawanya sijui hata waliko. Mkono ukaandika Zuhura. Karani akatazama, akasema, "Huyu ni wewe mwenyewe." Nikamwambia si mimi, ni somo yangu. Akataka namba. Nikampa yako, naijua kuliko yangu. Akaipiga palepale aone kama inapatikana.

Simu yako ikalia ndani ya mkoba wangu, mapajani. Tukatazamana, mimi na karani. Nami, wallahi, nikaipokea.

Hakunicheka. Alikata simu, akafuta jina lako taratibu, akasema nilete jina la mtu mwingine Ijumaa kabla ya saa nne, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Ijumaa ndiyo kesho.

Somo, nimechoka kuwa peke yangu. Nakula nimesimama. Nikiona la kuchekesha nalibeba kutwa nzima, jioni limeshachacha. Nimekukasirikia pia, Mungu anisamehe, kana kwamba homa ile uliiita mwenyewe. Kazi naitaka. Lakini hata bila kazi, lile pengo kwenye karatasi limenitisha. Mtu mzima mimi, na nikianguka hakuna wa kuambiwa.

Nimefikiri mchana kutwa, simpati mwingine ila Mama Ernesto. Anashinda nyumbani, simu anayo. Nitamwomba jina lake, na akitaka langu kwa shida zake nitampa. Kireno chake sijui kikoje, Kimakonde changu ndicho hicho cha kubabaisha, tutaelewana kwa mikono.

Mungu akurehemu, somo yangu, akuweke pahali pema. Kesho mapema nakuja kupiga hodi kwenye mlango wako, na nakuahidi, atakayefungua nitamsalimia yeye.

Wako,
Zuhura