Chupa Moja, Vifua Viwili

Mpendwa Dada Delphine,

Hujambo? Masomo ya unesi yanakwendaje huko mjini Thunder Bay? Sisi tupo, tunakohoa. Moto wa msituni haujafika kijijini, lakini moshi wake umehamia kabisa, hata hodi haukupiga. Madirisha tumeyaziba kwa taulo mbichi, ndege hazitui, na barabara ya barafu tunayopita juu ya ziwa wakati wa baridi iliyeyuka zamani. Najiona kama nimefungiwa ndani ya jiko.

Mama ni mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Jana kaniambia mkate wangu wa kukaanga ungefaa kuzibia paa.

Moshi ulipoanza, Ezra wangu alibanwa na pumu. Nesi Maureen alimpa inhela ya kuvuta, kisha akanikabidhi chupa ya steroidi ya maji, dawa ya kushusha uvimbe. Alisisitiza nimpe kila siku mpaka iishe, hata akionekana kapona, maana uvimbe wa ndani ya kifua hauonekani kwa macho. Dawa chungu hiyo! Ezra aliitemea blauzi yangu, akasema nimpe mbwa. Nilipoichanganya na jemu ikapita, na kesho yake alikuwa akiruka juu ya kochi.

Hapo Mama akaniita pembeni. Akasema kuna mtoto mwingine ambaye kifua chake kinapiga miluzi, na zahanati hapelekwi ng'o. Mama wa mtoto yuko mbali. Nesi akimsafirisha mjini peke yake, watu wa ustawi wa jamii watamchukua kama walivyomchukua binamu yetu Lorna, akarudi mtu mzima asiyejua lugha yetu. Akaniuliza tangu lini nyumba hii ikala mawindo na wengine wakilala njaa. Unatujua, dada: kikiingia ndani ni cha wote. Nikaigawa dawa kama nyama.

Haikumtosha yeyote. Juzi Ezra alibanwa upya, mbavu zikizama kila akivuta pumzi. Nesi akauliza kama alimaliza dawa. Nikisema ndiyo, angedhani dawa imeshindwa. Nikisema hapana, angeuliza imekwenda wapi. Mama alikuwa amenikazia macho, na mwanangu alikuwa hawezi hata kulia. Niliogopa sana.

Nikasema kweli. Dada, mtoto yule ni Kiana wako. Mama alikataza usiambiwe, eti ungeacha mitihani. Nesi alimfuata nyumbani mwenyewe, akamkuta ameinama sakafuni, hawezi kumaliza sentensi. Amewapa wote dawa inayowatosha, lakini bado wanahema kwa shida na anataka wapelekwe hospitali. Leo moshi umepungua, ndege ya wagonjwa inakuja. Nafasi ya mtu mzima ni moja, amepewa Mama. Mimi nabaki humu.

Nesi alipokupigia uje uwanja wa ndege, nilimwomba asikutajie mgonjwa. Nilitaka kukwambia mwenyewe, lakini kwa simu nilishindwa, ndiyo maana Mama kakupa barua hii. Usianze kwa kumgombeza. Kiana yuko nyuma yake. Mshike, useme kwa sauti kuwa wewe ndiye mama yake, kila aliyesimama hapo asikie, hata watu wa ustawi. Kisha mshike Ezra, useme vilevile.

Wasalimie wote waliokupokea huko.

Mdogo wako akupendaye,
Roberta