Pikipiki Yako Imeshikwa Shinyanga

Kolandoto, Shinyanga
Jumapili mchana

Mke wangu mpendwa, Mama Wakesho,

Mnaendeleaje huko Wundanyi? Kifua cha mama kimetulia, au baridi bado inamsumbua? Na Wakesho, ameshazoea mwalimu mpya? Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo iliyochoka, na iliyoichosha ni pikipiki yako.

Wiki mbili zilizopita trafiki alinisimamisha karibu na Maganzo. Nilikuwa nimefunga mtungi wa mbegu za fahali nyuma, naenda kuhimilisha ng'ombe wa Mzee Masanja, yule mfugaji aliyenipokea nilipofika huku. Trafiki akatazama namba za Kenya, akaomba kibali. Kile cha muda nilichopewa mpakani kilikuwa kimeisha kitambo, na kosa hilo ni langu. Pikipiki ikabaki kituoni. Nikatafuta bodaboda, nikafika jua limeshapinduka na ng'ombe joto limempita. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Daktari, ng'ombe hangoji makaratasi."

Kesho yake nikaanza kuzunguka. Ofisi ya kwanza wakasema chombo cha nje hakisajiliwi kabla ya kulipiwa ushuru, niende forodha. Mtu mmoja kwenye foleni akaniapia kwamba forodha ya kweli iko Isaka, bandari kavu. Nikapanda basi mpaka Isaka. Kumejaa malori na makontena ya Rwanda, na mlinzi wa getini akaniuliza mzigo wangu ni tani ngapi. Nikamwambia ni pikipiki moja. Akanitazama kwa huruma, akanielekeza nirudi Shinyanga mjini nilikotoka.

Huko nikapewa fomu. Fomu ikataka ukaguzi wa polisi. Polisi wakataka kusoma namba ya fremu, na unajua ilivyoliwa na kutu. Fundi akaipiga msasa nusu siku ndipo ikasomeka. Nikarudi na karatasi yenye muhuri, nikidhani nimemaliza. Dada wa dirishani, mpole kabisa, akafungua kadi ya pikipiki.

"Eunice Mkamburi ni nani?"

"Mke wangu."

"Basi aje yeye."

Nikamweleza kwamba uko mbali na unafundisha, huwezi kuacha darasa. Akasema basi utie sahihi fomu ya kunihamishia umiliki mbele ya wakili, maana yeye hawezi kujua kama mke alinipa au nilimtoroka nayo. Watu kwenye foleni wakacheka. Mimi sikucheka. Uliniazima kwa miezi mitatu, na huu ni wa kumi na moja.

Kabla sijaondoka akaniambia jambo moja zaidi, kwamba ikishasajiliwa huku, namba za kwetu zinafutwa. Nimekaa na fomu hii siku nne, Mama Wakesho. Ofisi nimezilaani zote, lakini kinachonikera zaidi ni kwamba neno la yule dada limenirudishia swali ambalo nimekuwa nikilikwepa kila ukinipigia simu. Nikiisajili, nimekubali kwamba nakaa. Wafugaji wameanza kuniamini, ndama wa kwanza wamezaliwa, na siwezi tena kukudanganya kwamba umebaki mwezi mmoja.

Fomu imo ndani ya bahasha hii. Ukiona mnaweza kuja shule zikifungwa, mpaone huku kwa macho yenu, tia sahihi. Ukiona umechoka kungoja, irudishe tupu. Nitaomba kibali cha kuivusha mpaka, niiendeshe mwenyewe hadi mlangoni kwako, na sitakuuliza kwa nini.

Nisalimie mama, na umwambie nimepata dawa yake ya kienyeji kwa mke wa Mzee Masanja. Salamu kwa kaka yako Mwadime fundi seremala, na kwa shangazi anayekusaidia kumlea Wakesho.

Usinijibu kwa simu. Nikisikia sauti yako nitaanza kujitetea.

Mumeo,
Baba Wakesho