Nafasi Kumi na Mbili za Pikipiki

Alhamisi, 8 mwezi wa tano

Mchezo wa mazoezi, nusu uwanja. Kocha Moustapha aliwaambia wasichana: Jumapili ni mechi kule Wamaza, pikipiki sita, wachezaji kumi na mbili. Atakayekimbia leo ndiye atakayepanda. Wako kumi na wanane. Basi walikimbia kama wanafukuzwa. Mimi, mwalimu wao wa viungo, nilishika shingo zao, nikahesabu mapigo ya moyo kwa robo dakika. Odile, mdogo wangu — arobaini na nane. Kwenye mechi sijawahi kumwona akifika hapo. Alitapika nyuma ya goli, akarudi kucheza. Amepata nafasi.

Nilimwambia kocha mazoezi yapunguzwe, nguvu zibaki kwa mechi. Akacheka. “Munganga wa shingo! Mutoto asiyechoka leo, Jumapili atakimbia na nini?”

Jumapili, 11

Wamaza nne, sisi sifuri. Uwanja mzima, jua kali, na miguu waliiacha kwetu Kasongo tangu Alhamisi. Odile wakati wa mapumziko: thelathini na tisa. Mama mmoja pembeni aliuliza kama hawa wamekuja kucheza ao kusalimia shemeji.

Kocha alisema ni uvivu, na kwamba mazoezi ya viungo ni kazi yangu. Wote walinigeukia. Nilianza kukusanya chupa za maji. Najichukia kwa hilo.

Jumatatu, 12

Odile anachechemea, paja la nyuma. Jumapili ijayo ni mechi Salamabila, na mchaguzi wa timu ya mkoa atakuwepo. Mimi mkubwa wake, yaya wake, nilimsihi apumzike Alhamisi.

“Nikipumuzika Alhamisi, yaya, nitapanda pikipiki gani?”

Miaka mitatu ya chuo cha michezo, na nikaenda tu kuchota maji baridi ya kumkanda.

Jumanne, 13

Nilimpelekea kocha daftari langu la mapigo, ya Alhamisi na ya Jumapili. Alilisoma lote, polepole. Nilidhani ameelewa.

“Iko muzuri sana. Sasa Alhamisi tutachagua na hii. Mapigo mingi, anapanda.”

Alhamisi, 15

Naandika hapa uwanjani, mchezo umekwisha. Odile amefunga paja kwa kitambaa cha mama, ndani ya kaptula. Hakukimbia, alijificha karibu na kipa. Moyo wake: thelathini na tatu. Laetitia, anayeshika nafasi ya kumi na mbili, ya mwisho, ana arobaini na tatu.

Odile hakuniomba kitu. Aliniachia shingo tu, akafumba macho.

Kwenye orodha ya kocha, mbele ya jina lake, nimeandika tarakimu moja, nne. Pembeni ya nne, pa tarakimu ya pili, bado ni peupe. Laetitia ananitazama. Kocha anakuja kuchukua orodha.