Klarineti Iliyofukizwa Udi

Doonside, 3 Juni 2024

Mwanangu Ubaid,

Assalaam alaykum. U mzima? Kifua hakikusumbui? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila baridi imeniingia magotini, na zamu za kuuguza wazee kule mtaa wa St Marys zinanimaliza.

Klarineti yako ya kizamani, ile ya vibonyezo vitano uliyoiacha kabatini ulipokuja likizo, hii hapa. Umesema orkesta ya huko Uholanzi inayopiga ala za kale imekuita kwenye majaribio, na bila hii huna cha kupigia. Basi nimeisimamisha juu ya chetezo nikaifukiza udi, kama ninavyofukiza kanzu zako za Idi, nikaisomea Yasini. Dada'ako Lina anacheka: "Mama, unaioza mume?"

Mamako,
Bimkubwa

Utrecht, 29 Juni 2024

Mama mpenzi,

Waalaykum salaam, shikamoo. Mwili mzima. Magoti yanaendeleaje?

Mzigo ulifika siku mbili kabla ya majaribio. Nilipoufungua nikakuta ufa, toka juu hadi tundu la pili. Mti wake hautaki moto, mama, hata wa chetezo. Nikaazima nyingine, sauti ikanikatikia ukurasa wa kwanza tu. Wamemchukua mtu mwingine.

Sikulaumu. Miaka sita napiga muziki wa kale, watu arobaini wanakuja, nusu wanasinzia. Fundi anasema ufa utazibika, lakini hamu sina tena. Nimeshaulizia kazi ya ghala hapo St Marys. Nitarudi Agosti.

Mwanao,
Ubaid

Doonside, 15 Julai 2024

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Umelala? Umekula?

Barua yako nimeisoma ndani ya treni, nikashtukia nimepita kituo chetu, niko Blacktown. Kosa ni langu, Ubaid. Sikuuliza. Nisamehe.

Na nikwambie jambo la aibu. Niliposoma "nitarudi", nilifurahi. Nikatandika kitanda chako, shuka mpya, hata kabla sijavua koti. Nilipokaa kwenye mswala baada ya magharibi ndipo haya zikanishika: nashukuru nini? Kwamba nimekuvunjia chako ndiyo nikakupata?

Kitanda nimekitandua. Ghala halikimbii, lipo. Kuchoka, hata mimi nimechoka, na kesho saa kumi na mbili alfajiri niko kituo cha treni, naenda zamu. Mpelekee fundi. Ukishapiga tena, ukaona kweli hutaki, njoo, nitatandika upya na sitakuuliza neno.

Nijibu upesi, tafadhali: umempelekea?

Mamako,
Bimkubwa